Mama Pasi ahofia kuigwa hadi goti

Saa kumi na moja alfajiri, gizani, kitu kinalia "ka!" Si mlango, wala si panya. Ni goti la kushoto la Mama Pasi, anayeshuka kitandani kwenda kusali.

"Goti limeamka, na sisi tuamke," mumewe, fundi baiskeli, anatania kutoka chini ya shuka. Watoto wanacheka. Nyumba hii haina haja ya saa ya kengele.

Leo Mama Pasi hacheki. Anapiga magoti kando ya ndoo ya maji, na sala yake yote ni ya mtu mmoja: binti muuza vocha, aliyeokoka miezi mitano iliyopita, ambaye jioni hii atakwenda kubisha mlango wa mama yake mzazi.

Mama Pasi, mwenye miaka arobaini na miwili, ni mpiga pasi. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za umeme na chupa ya kunyunyizia maji. Asipomaliza nguo arobaini kwa siku, kodi ya nyumba inaanza kumkalia kooni.

Upande wa pili wa meza kuna kigoda. Hapo hukaa waumini wapya, ambao kanisa lake humkabidhi mmoja mmoja awalee. Yeye anapiga pasi, mwanafunzi anakunja. Wanasoma mstari mmoja wa Biblia, kisha wanauzungumza mpaka nguo ziishe.

"Ukipeleka shati kwa Mama Pasi unarudi na shati na Injili," anasema mteja mmoja, kinyozi wa jirani. "Shati unalipia. Injili anakupa, utake usitake."

"Na wewe shati lako bado lina doa," Mama Pasi anamjibu bila kuinua macho.

Kushuhudia, anasema, si kazi ngumu. "Mtu kuokoka ni siku moja. Kumlea sasa! Ni kama kichanga, analia na hujui analilia nini."

Amelea saba. Wawili walirudi nyuma, na mmoja wao akimwona huvuka barabara ili wasisalimiane. "Kila akivuka, najiuliza nilimkosea wapi."

Kwa muuza vocha hofu ni nyingine. Binti huyu ni mwepesi wa kushika, mwepesi mno. Anasema "Bwana asifiwe" kwa sauti ya Mama Pasi, na kikohozi chake kidogo cha kabla ya kuomba amekichukua pia. Mwezi uliopita alipewa kuongoza sala mbele ya kina mama wa kanisa. Akafumba macho, akaomba vizuri, halafu akamalizia: "Na hili goti langu la kushoto, Bwana, unalijua."

Kina mama wakafumbua macho. Goti la binti halina tatizo lolote.

"Nikamuuliza, mwanangu, goti lako lina nini? Akaniambia, 'Kwani mama, sala si ndivyo inavyoishia?'" Mama Pasi anacheka mpaka anashika meza. Kisha kicheko kinakatika. "Ule usiku sikupata usingizi. Huyu anamjua Mungu, au ananijua mimi?"

Swali hilo ndilo linalomtesa leo. Wiki ya kwanza ya wokovu wake, akiwa na moto wa mabua, binti alimwambia mama yake mbele ya majirani kwamba asipotubu ataungua. Mama huyo alimlea peke yake, kwa kupiga deki ofisi za watu. Aliingia ndani akafunga mlango, na hawajaongea tena. Juzi ndipo ujumbe ulipofika kupitia shangazi: aje, na mjukuu amlete.

Saa nane mchana muuza vocha anaingia, amemshika mkono bintiye wa miaka sita.

"Mama, twende wote. Wewe utaanza, mimi nitaitikia."

"Siendi. Nikienda ataniona mimi, hatakuona wewe."

"Sasa nikamwambie nini?"

"Lililo moyoni mwako."

"Lililo moyoni mwangu ni kukimbia."

Mama Pasi anafungua kinywa kujibu, lakini harufu inamkatiza. Foronya ya mteja imeungua, umbo la pasi limejichora katikati. Mumewe anachungulia mlangoni. "Makubwa! Leo hata foronya imehubiriwa moto."

Hakuna anayecheka isipokuwa mtoto.

Binti anapotoka nje kumfunga mtoto kamba za viatu, Mama Pasi anakunja ile foronya polepole, kana kwamba bado ni nzima. Anasema ndoto yake ni ndogo. Anataka siku moja kigoda hiki kibaki wazi, na binti aweke chake pale kwenye kibanda cha vocha, akae mtu mwingine, asikie mambo ambayo Mama Pasi hakuwahi kuyasema. "Nami nikipita, nisijisikie mimi. Nimsikie yeye."

Saa kumi inapokaribia, uvumilivu unamwishia. Anachomoa pasi ukutani. "Nawasindikiza tu. Siingii."

Njia nzima kinachosikika ni goti tu: ka! ka! Chini ya ngazi za nyumba ya mama mzazi, Mama Pasi anasimama. Binti na mtoto wanapanda na kubisha.

Mlango unafunguka nusu. Mama mzazi anatokea, dekio mkononi, kanga ya kazi bado kiunoni.

Muuza vocha anakohoa kile kikohozi kidogo. "Bwana asifiwe, mama," anasema, na sauti si yake.

Uso wa mama yake unakaza. Mkono unarudi kwenye kitasa.

Chini ya ngazi, Mama Pasi ameuma midomo. Maneno anayo tele, na anayameza yote.

"Mama," binti anajaribu tena, safari hii kwa sauti nyembamba iliyokwaruza, sauti ambayo kigoda hakijawahi kuisikia.

Mtoto anauachia mkono wa mama yake, anamwinulia macho mwanamke wa mlangoni.

"Bibi, mama anaogopa utatufukuza."