Trakta Zote kwa Boma Moja

Jamani, hii aibu ningeinyamazia kabisa, lakini kwa vile hapa Kakamega mjini bado kuna watu wakiniona wanapiga kelele "Madam, tuletee trakta!", afadhali muisikie kutoka kwangu, halafu mniambie kama sina haki ya kukasirika.

Kazi yangu ni kupanga mifumo inayokaa kwa wingu (si hili la mvua, ni kompyuta za kukodi zilizo mbali, unazifikia kwa intaneti), na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchagua ukose nini ili upate nini. Sasa kampuni fulani ya kubeba miwa upande wa Mumias ilitaka mkulima akiomba trakta kwa simu, mfumo umtumie dereva ujumbe, dereva akubali, aende. Swali lilikuwa moja: dereva asipojibu tufanye nini? Tukinyamaza, miwa iliyokatwa inakaukia shambani. Tukimtuma mwingine, huenda yule wa kwanza aliupata ujumbe, ni jibu lake tu lililokwama kwa mtandao, na hapo wataenda wote wawili. Nikamwambia bosi wangu, Bwana Wafula, kuna njia ya tatu: dereva asiondoke mpaka mfumo umthibitishie kwamba safari ni yake. Ila ningehitaji muda kidogo wa kuijenga na kuijaribu.

"Madam, wewe unapendanga kuchelewesha vitu," akasema. "Wageni wameshaalikwa. Asipojibu, tuma mwingine, basi!"

Na mimi, badala ya kukataa, nikasema sawa.

Siku ya uzinduzi tukaenda kwa Mzee Makokha, mkulima aliyechaguliwa kuhudumiwa wa kwanza. Hema limesimama uani, chifu yuko, majirani wamejaa, na Mama Rispa, mke wa mzee, amepika ingokho, kuku wa kienyeji, wa kutosha kijiji. Mzee akabonyeza simu, watu wakapiga makofi. Simu haikuonyesha dereva yeyote. Ujumbe ulikuwa unawafikia madereva, majibu yao ndiyo hayakurudi, na mfumo wangu, kwa utiifu wote, ukatafuta dereva mwingine, halafu mwingine, halafu mwingine.

Trakta ya kwanza ikaingia na trela yake, tukashangilia. Ya pili ikaja, nikacheka kidogo (kile kicheko cha kujikaza). Kisha nikachungulia barabarani nikaona foleni! Kile kinjia hakina pa kugeuzia, kwa hivyo walio nyuma wakakata kupitia shamba la maharagwe, trela moja ikanasa kamba ya hema, na hema likashuka polepole, kwa heshima zote, juu ya chifu na masufuria. Huku simu za kampuni zinalia, wakulima wengine wanauliza trakta ziko wapi na miwa yao imelala kwa jua.

Mnajua Bwana Wafula alifanya nini? Akashika maikrofoni. "Aliyepanga huu mfumo ni huyu madam. Yeye ndiye atawaeleza."

Mimi! Nikaanza kueleza habari ya mtandao na majibu, Mama Rispa akanikata: "Wewe mwenye wingu! Hiyo wingu yako iondoke kwa maharagwe yangu!"

Kicheko kilichopigwa hapo, hata chifu, mchuzi mabegani, alicheka.

Nikazima mfumo. Nikavua viatu vyangu vya kisigino, nikasimama kwenye tope kuelekeza trakta zitoke kinyumenyume, "Rudi! Rudi! Kata kushoto!", na kila dereva niliyemtoa nikamtuma kwa mdomo kwa mkulima anayengoja. Miwa yote ilibebwa kabla ya jua kuzama. Jumamosi nilirudi na jembe kupanda maharagwe upya pamoja na Mama Rispa. Bwana Wafula alisema ana mkutano.

Juzi kaniletea mradi mwingine, wa haraka vilevile. Nikamchorea njia zote, ile anayoipenda nikaiwekea mstari wa sahihi.

"Hii ni ya nini?"

"Ni yako, bosi. Ukiitaka hiyo, andika kwamba ni wewe umechagua."

Akaizungusha kalamu, akairudisha mfukoni. "Hebu tufikirie kwanza."

Wallahi nilitamani kumrukia, kumbe kufikiria anajua, mradi jina lake ndilo liko hatarini! Lakini nikajiapia palepale: kitu ambacho kichwa changu kimekikataa, mdomo wangu hautakikubali tena.