Embe Lililolegea Lina Mwenyewe Kariakoo

Saa tisa alasiri, jua la Kariakoo bado halina huruma. Severa Tarimo ameinama juu ya ndoo ya maembe pembeni mwa Mtaa wa Mkunguni. Anachukua moja, analibonyeza kwa dole gumba, analinusa kwenye kikonyo, kisha analiweka kando. La pili lina unyevunyevu chini. Analirudisha ndooni.

"Shikamoo, mama. Embe dodo za leo zimeiva kweli kweli," anasema Muhiddin, muuza matunda mwenye meza hapo.

"Marahaba, baba. Hizi hazijaiva, hizi zimechoka," Severa anamjibu, na wote wawili wanacheka.

"Basi beba ndoo nzima, elfu tatu."

"Kesho utazimwaga hizi, Muhiddin. Nipe kwa elfu mbili, nakuchukulia hata zilizobonyea."

Muhiddin anajikuna kisogo, anatazama ndoo, anatazama jua, anatoa mfuko wa kubebea. Asubuhi ndoo ya namna hiyo aliiuza elfu nane. Lakini wateja wa asubuhi hutaka embe gumu, la kukaa nyumbani siku kadhaa. Severa anataka embe la leo.

"Gumu la nini? Sukari yote iko kwenye hili lililolegea," anasema akiwa ameshaanza kuondoka. "Ila lililolegea na lililooza ni watu wawili tofauti. Lililooza hata unipe bure silibebi."

Nyumbani kwake, chumba na ukumbi nyuma ya ghorofa moja Mtaa wa Narung'ombe, kazi inaanza bila mapumziko. Maembe yanaoshwa, yanamenywa, yanakatwa vipande. Mumewe, Rogath, anavipanga juu ya sinia, kipande mbali na kipande, kama mtu anayeanika dagaa. Sinia linaingia kwenye friza. Kesho vipande vikishakuwa vigumu kama kokoto ndipo vitamiminwa kwenye makopo yenye mifuniko na kurudishwa barafuni, vingojee miezi ambayo embe Dar es Salaam huwa la kutafuta kwa tochi.

Hiyo ndiyo kazi ya mama huyu wa miaka arobaini na saba: kununua matunda yanapokuwa mengi na bei iko chini, kuyagandisha, kisha kuyauza kwa kinamama wa kuyasaga majumbani, au yeye mwenyewe kuyasaga kuwa juisi nzito ambayo vijana wa mjini wanaiita smuzi.

Hakuianza kwa kutafuta biashara. Aliianza kwa sababu mumewe alikuwa anakufa njaa huku chakula kipo.

Severa alizaliwa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akaja Dar es Salaam kuuza viatu vya mitumba katika soko la Mchikichini. Rogath alikuwa fundi wa kupaka rangi majengo. Januari moja, akivuka barabara kurudi kazini, pikipiki ilimgonga na taya lake likavunjika mahali pawili. Hospitali walilifunga kwa waya. Hakuweza kufungua kinywa, achilia mbali kutafuna.

"Nilimpikia uji wa kila aina," anakumbuka Severa. "Wa ulezi, wa mchele, wa karanga. Siku za mwanzo alikunywa. Baadaye nikimletea anageukia ukutani. Mwanaume aliyekuwa anabeba ndoo mbili za rangi mpaka ghorofa ya nne, mabega yakabaki mifupa."

Siku moja binti yao, Caroline, aliponda embe na parachichi, akachanganya na maziwa, akamwekea baba yake mrija. Rogath alikunywa yote. Halafu akanyoosha kidole kuonyesha jagi.

"Nililia," anasema Severa. "Mtu mzima nalia kwa sababu ya glasi ya embe."

Lakini msimu wa maembe ulikuwa unakwisha, na bei ilikuwa inapanda kila akienda sokoni. Mwenye nyumba wao, Bi Khairunnisa, ambaye wapangaji humwita Mama Ammar, ndiye aliyefungua njia. Alikuwa na friza kubwa kwenye ushoroba, aliyokuwa akigandishia barafu za ukwaju kabla miguu haijaanza kumsumbua.

"Nilimwambia, Mama Caro, msimu ukiisha utampa nini huyu?" anasimulia Mama Ammar, ameketi kwenye kiti chake mlangoni. "Friza tupu inakula umeme bure. Jaza."

Severa alijaza, na mara ya kwanza akaharibu. Alitia maembe yote kwenye beseni moja, yakaganda pande zima kama tofali, kisu kikavunjika akijaribu kulibandua. Ndipo akajifunza kupanga kwenye sinia kwanza. Akajifunza pia kwamba tikiti likigandishwa huishia maji, kwamba nanasi la Kiwangwa halina shida, na kwamba parachichi linahitaji ndimu kabla halijawa jeusi.

Waya ulipotolewa, Rogath aliomba ndizi na nyama, akala polepole huku familia nzima ikimtazama mdomoni. Bega lake, ambalo nalo liliumia, halikumruhusu kurudi kwenye ngazi za rangi. Sasa nyumba ilitegemea viatu peke yake, na viatu vilikuwa vinasuasua.

Miaka miwili baadaye Severa aliamua kubahatisha. Maembe yalipojaa sokoni, alichukua mtaji wote wa viatu akanunua matunda, akaijaza friza mpaka mfuniko ukawa haufungi. Hesabu yake ilikuwa Ramadhani. Mwezi huo ungekuja msimu wa maembe ukiwa umepita, na kila nyumba Kariakoo ingetaka juisi ya kufuturia.

Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza transfoma ya mtaa ilipolipuka.

Rogath alikimbia na bajaji hadi Feri, kule wanakouza barafu ya samaki, akarudi na viroba vya barafu vimefungwa vizuri. Waliipanga ndani ya friza, wakaifunika friza yenyewe kwa mablanketi ya mitumba. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili mchana, maji yakaanza kutiririka sakafuni, na mafundi wakasema umeme hautarudi siku hiyo.

"Nilikaa kwenye ngazi," anasema Severa. "Niliona viatu vyangu vyote vinayeyuka."

Mama Ammar akatoka na fimbo yake.

"Mama Caro, unalia nini na watu hawajafuturu?"

"Mama, umeme hakuna. Blenda nitaizungusha na nini?"

"Wazee wetu walikuwa na blenda? Leteni vinu."

Jirani mmoja akaleta kinu, mwingine akaleta mchi na chujio. Wanawake wa ghorofa nzima, waliofunga na wasiofunga, wakaketi uani kuponda maembe, nanasi na pasheni vikiwa bado na ubaridi. Adhana ya magharibi ilipoita, meza ilikuwa imeshapangwa nje ya mlango. Wapagazi wakasimama. Wenye maduka wakasimama. Rogath akapita katikati yao na sinia la glasi.

"Watu walikuwa wanauliza, hii ya baridi mmeitoa wapi na mtaa mzima uko gizani?" anasema Rogath akitabasamu. "Mwenye hela alitoa, asiyekuwa nayo tukamwambia kunywa, ni futari."

Fedha iliyorudi haikufika hata nusu ya mtaji. Severa alilala akijua amerudi nyuma. Asubuhi akaamshwa na hodi. Alikuwa Siwema, mwenye saluni mtaa wa pili.

"Nilimuuliza, dada, ile ya jana inapatikana kila siku?" anasema Siwema. "Mabinti zangu wanasuka kutwa, mchana wanashindia soda. Nikamwambia akianza, glasi kumi za kwanza ni za kwangu."

Severa akaanza upya na ile fedha kidogo iliyorudi. Baada ya saluni likaja duka la vitambaa, kisha duka la vipuri, kisha kinamama wanaotaka makopo ya kwenda kusaga wenyewe. Leo glasi ni shilingi 1,500, kopo ni 4,000. Siku nzuri, akishatoa umeme na maziwa, anabakiwa na kama 30,000. Mvua zikikata barabara, matunda hayafiki na siku huenda tupu. Hata hivyo amenunua friza mbili zake mwenyewe, na Caroline yuko mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi.

Wapo wanaomwita mama wa maembe mabovu. Hawabishii. Anawakaribisha jikoni waone anavyochambua. Wengine waliokuja kucheka wamerudi na vyombo vyao wakiomba kufundishwa, naye anawafundisha.

Sasa macho yake yako kwao, Kibosho, ambako pasheni za majirani wa mama yake huanguka zikaliwa na kuku. Ameshazungumza na majirani hao kwa simu, wazichume na kumkusanyia kabla ya Krismasi.

"Desemba sisi Wachaga wote tunapanda mlimani na mizigo, Januari tunashuka mikono mitupu," anasema Severa, akifuta sinia la mwisho. "Mwaka huu mimi nitapanda na makopo matupu. Kushuka, nitafutieni gari lenye buti kubwa."