Korongo Mwenye Pete

Ni kweli, niliwahi kuwaambia watu wa Hombolo kwamba korongo alinibeba hadi Mpwapwa na kunirudisha kabla ugali haujaiva. Basi Septemba hii, maji ya bwawa yaliporudi nyuma, kijana mmoja, Cornel, akaja kutoka mjini na darubini ya miguu mitatu, kuhesabu ndege topeni. Nikamwonyesha korongo mwenye pete ya chuma mguuni, ile wanayovishwa ndege ili watambulike.

“Shikamoo, bibi. Wamenionya habari zako. Mimi siandiki hadithi.”

Hadithi! Mimi niliyeamia ndege, nikiwafukuza kwenye mtama wa baba tangu sijaota meno ya pili? Nikakaa kitako kwenye tope, mbele ya darubini yake.

“Bibi, unanizibia.”

“Ndiyo, nakuzibia. Tazama ninakoonyesha, au tuzeeke wote hapa.”

Akaigeuza darubini huku amenuna. Korongo akainua mguu. Cornel akaiona pete, akaandika namba yake.

“Na aliyemwona? Andika Loisi Matonya.”

“Nimeandika, bibi.”

Kusoma sijui, lakini kudanganywa sitaki. Nikachovya dole gumba topeni, nikalikandamiza kwenye daftari lake.

Ndipo nikamwambia kwamba ni yuleyule wa Mpwapwa.