Vidonge Nilivyompa Mama

Tangu nipate akili, mama yangu alikuwa na kiungulia. Kwetu Murungu, wilayani Kibondo, tulikiita ikirungurira, na hakuna aliyekihesabu kuwa ugonjwa. Bibi alikuwa nacho, mama alikuwa nacho, na mimi niliambiwa mapema kwamba nikishaanza kuzaa kitanifuata. Mama akimaliza ugali wa muhogo na maharage ya mawese alikuwa hakai chini. Alizunguka nyumba kama mtu anayetafuta kuku, mkono mmoja umekandamiza kifua, kisha akaingia jikoni na kuchota majivu baridi kwa ncha ya kijiko. Aliyakoroga kwenye kikombe cha maji, akangoja yatuame, akanywa maji ya juu. Akishacheua ndipo alipoweza kuketi na kuzungumza nasi. Majivu yakikosekana alilamba magadi. Asubuhi nyingi nilimkuta kitandani ameegemeza mgongo ukutani, shuka magotini, nikajua kwamba hivyo ndivyo alivyolala.

Kwangu kilikuja kabla sijazaa. Nilikuwa mwaka wa pili nafundisha shule ya msingi mjini Kasulu, na nimeolewa na mwanamume ambaye babu yake alitoka pwani akafungua duka la vitambaa sokoni. Mama mkwe alipika kama walivyopika kwao: pilau, achari ya ndimu, pilipili kila mahali. Mimi asubuhi nilikunywa chai ya rangi na chapati, nikasimama ubaoni hadi mchana bila kitu, na jioni nikalipiza kisasi kwa sahani iliyojaa, kisha nikajilaza kusahihisha madaftari. Miezi michache tu, maji makali yakaanza kupanda hadi kooni katikati ya somo. Nilikuwa nageukia ubao kuyameza wanafunzi wasinione. Halafu sauti ikakwaruza. Darasa la watoto zaidi ya themanini haliongozwi kwa sauti ya kukwaruza.

Tabibu wa kituo cha afya aliniuliza maswali mengi, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Nile kidogo kidogo mara nyingi. Chakula cha mwisho kiwe muda wa saa tatu kabla ya kulala. Niache pilipili, ndimu, vya kukaanga, chai kali, na mawese niyapunguze. Niinue kitanda upande wa kichwa. Na vidonge vya kupunguza asidi, kimoja kila asubuhi kabla ya kula, kwa wiki nane.

"Zikiisha, urudi," alisema. "Usiendelee kununua mwenyewe."

Nilitii karibu yote. Mume wangu alileta matofali manne, tukayaweka mawili mawili chini ya miguu ya kitanda. Siku ya kwanza tuliamka sote tumeteremkia upande wa miguu. "Mwalimu," aliniambia, "umetuhamishia mlimani." Nilianza kwenda shuleni na kikopo cha viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi mbivu, nikala mapumziko ya saa nne. Mama mkwe alinuna, akadhani nakikataa chakula chake, lakini alipoona ninavyolala akaanza kunitengea bamia na wali mweupe kabla hajatia viungo vyake. Nilijifunza mwili wangu chakula kwa chakula. Maboga yalinifaa. Maparachichi, ambayo kila mtu aliniambia ni mazuri, yalinichoma. Maziwa yalinituliza kwa nusu saa, kisha yakanirudia kwa hasira. Baada ya miezi mitatu sauti ikarudi.

Kwa kuwa nilikuwa nimepona, nikajiona najua.

Likizo iliyofuata nilikwenda Murungu na pakiti nne za vile vidonge, nilizonunua duka la dawa bila mtu kuniuliza lolote. Sikurudi kwa tabibu. Nilimwambia mama, "Kimoja asubuhi kabla hujala, na yale majivu uyaache." Alivipokea kwa mikono miwili. Baada ya wiki mbili alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mwana wanje, mwanangu, nimelala," alisema. "Nimelala chali kama mtoto."

Kuanzia hapo kila mwezi nilimtumia pakiti kwa basi la Kibondo. Niliona fahari. Walimu wenzangu wakilalamikia vifua vyao niliwasimulia habari za mama, jinsi alivyoteseka miaka thelathini kwa kukosa kidonge kidogo namna ile. Hali hiyo iliendelea zaidi ya mwaka. Nilipompigia nilimuuliza kuhusu kiungulia tu, naye alinijibu hilohilo nililouliza: kiungulia hakipo.

Likizo ya mwisho wa mwaka nilimkuta amekonda. Mabega yalikuwa yamebaki mifupa ndani ya kitenge. Alisema ni kazi za shamba, maana walipanda mapema. Tulipokaa kula nilimtazama akimega ugali, tonge dogo kama punje ya hindi, akalichovya kwenye mchuzi hadi likalegea, akatafuna kwa muda mrefu, kisha akameza kwa maji. Tonge la pili, maji tena. La tatu alilishika mkononi, akaanza kuniuliza habari za shule.

"Mama, mbona huli?"

"Ninakula."

"Mama."

Alilirudisha tonge kwenye sahani. Akaweka kidole katikati ya kifua. "Kinakwama hapa. Uji unapita. Ugali unakwama."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yaliyopita."

Nilihesabu. Ilikuwa zaidi ya miezi saba. "Mbona hukuniambia?"

Alinitazama kama aliyeshangazwa na swali. "Wewe ulisema dawa ni ya kiungulia. Kiungulia kimekwisha. Hiki ni kingine."

Siku iliyofuata nilimpeleka hospitali ya Kibondo, na kutoka huko tukaandikiwa rufaa kwenda Mwanza. Safari ilikuwa ndefu, na alikula ndizi mbivu moja tu, akiilamba zaidi ya kuitafuna. Mwanza walimwingiza mpira wenye kamera kooni. Nilingoja kwenye benchi la mbao nje ya mlango, nimeshika viatu vyake.

Daktari aliyetuita alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alimwomba mama atangulie kupumzika, akanibakiza. Alisema kuna uvimbe mwisho wa njia ya chakula, karibu na tumbo, kwamba amekata vipande vya kupima lakini kwa macho yake haoni shaka. Kisha akafungua faili.

"Hapa imeandikwa kwamba amekuwa akitumia dawa za asidi. Nani alimwandikia?"

"Mimi."

"Wewe ni mhudumu wa afya?"

"Ni mwalimu."

Hakunigombeza. Aliandika kitu, akaweka kalamu chini. "Mtu wa umri wake, aliyechomwa na asidi miaka yote hiyo, inafaa tumwangalie ndani kwanza. Dawa inatuliza maumivu. Kidonda chenyewe kinaweza kuendelea, na mtu asijue."

"Angepimwa mwaka jana?"

"Sijui, dada. Labda. Sitaki kukudanganya kwa upande wowote."

Majibu yalithibitisha kuwa ni saratani. Walimwekea kijibomba cha kupanua njia ili uji na supu vipite, wakaniambia nimpeleke nyumbani. Nilimleta Kasulu.

Aliishi nasi miezi mitano. Yale yote niliyojifunza kuhusu chakula niliyageuza yakawa yake. Viazi nilivichemsha, nikaviponda, nikavichuja kwa kitambaa. Supu ya kuku niliipoza na kuipitisha kwenye chujio la chai. Nilimlisha kijiko kwa kijiko ameketi wima, na baada ya kula nilimzuia kulala hadi saa tatu zipite. Siku moja aliomba maharage ya mawese. Nilikataa. Nilimwambia mafuta yatampandia, yatamchoma, tabibu alikataza. Niliongea kwa ile sauti yangu ya darasani. Mama aligeuza uso. Mume wangu alikuwa mlangoni. Aliniita uani.

"Unamlindia nini?" aliniuliza kwa upole.

Kisha nikaenda sokoni nikanunua mawese ya Kigoma, mekundu, mazito, nikaunga maharage, nikayachuja mpaka ukabaki mchuzi mtupu. Alikunywa vijiko sita. Yalimchoma kweli, nilimwona akikunja uso, lakini alishikilia bakuli na hakuniruhusu kuliondoa.

Wiki zile za mwisho nilimwambia. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni, nikasema bila kumtazama kwamba vile vidonge pengine ndivyo vilivyotuchelewesha, kwamba nilipaswa kumpeleka hospitali tangu mwanzo.

"Mwaka ule nililala," alisema. "Usininyang'anye."

Sikujua anamaanisha kwamba amenisamehe au kwamba hataki kusikia zaidi. Hadi leo sijui. Alifariki asubuhi moja mvua ikinyesha, baada ya kukataa uji, na tukamrudisha Murungu tukamzika karibu na bibi.

Siku ya tatu ya msiba, wageni walipopungua, mama mdogo, anayemfuata mama kwa kuzaliwa, alikuja kuketi karibu nami jikoni. Aliinama, akasema taratibu, "Zile dawa za dada, zimebaki? Kifua changu kinawaka."

Zilikuwa zimebaki pakiti mbili, ndani ya mkoba wangu. Nilimwambia sitampa, twende hospitali akapimwe.

"Hospitali ndiyo iliyomuua," alisema. "Alikwenda akitembea, akarudi amebebwa."

"Mama mdogo, ni mimi niliyemchelewesha. Wewe sitakuchelewesha."

"Dada ulimpa. Mimi unaninyima." Aliinuka. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo waliacha kuosha.

Ilinichukua wiki sita na simu zisizopokelewa. Mwishowe mwanawe wa kike ndiye aliyemshawishi, nami nikakutana nao Mwanza, mlango uleule, benchi lile lile. Walimkuta na vidonda vya tumbo na vijidudu vyake, wakampa dawa za wiki mbili na masharti ya chakula. Uvimbe haukuwepo. Nami nilipimwa siku hiyohiyo. Nililala kwa ubavu, nimeuma kile kidude cha plastiki, machozi yakinitoka bila kulia, mpira ukishuka mahali palepale mama alipowahi kuweka kidole. Wakasema nina michubuko, nirudi kila baada ya muda wakaniangalie.

Sasa nala saa kumi na moja jioni, peke yangu, wakati wenzangu wanapika. Mume wangu amezoea. Mama mdogo amepona na ananenepa, watu wa Murungu wananiambia. Tunapokutana ananisalimia kwa heshima, anauliza habari za nyumbani na kazi. Hajawahi kuingia tena nyumbani kwangu, na nikipeleka chakula kwake anakipokea, anakifunika, anakiweka pembeni.