Madaraja Sita Niliyonyamaza

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kila nikisikia injini ya boti ikirudishwa nyuma. Hata hapa Lewisham, London, basi likirudi nyuma na kuanza kulia ule mlio wake wa kuonya watu, viganja vyangu hulowa jasho. Unacheka? Cheka tu. Baba yako ni mwoga, na sioni haya kukwambia, kwa sababu woga huu niliupata kazini.

Jana ulinipigia simu ukaniambia umebadilisha kaplingi ya boti yako kwa mikono yako mwenyewe, kwa kutazama video, na Jumamosi unaondoka na wenzako wawili kupanda na mto. Nikakuuliza, "Bolti zote umezikaza?" Ukakaa kimya kidogo, ndipo ukanijibu kwa Kiingereza chako cha mbio kwamba kila kitu kiko sawa. Ukimya ule umeninyima usingizi. Kwa hiyo kaa hapo, simu iweke mbali, unisikilize mpaka mwisho. Nitasema Kiswahili, na wewe ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, haya, nimeshakuzoea.

Wakati huo nilikuwa na umri kama wako. Nimetoka Tanga sina muda mrefu, nafanya kazi kwenye karakana ya boti kando ya Mto Lea, si mbali na Stratford. Boti zenyewe ni hizi hizi kama yako, ndefu na nyembamba, watu wanakaa humo na sufuria zao na maua yao ya dirishani. Mwenye karakana alikuwa Bwana Jayanti, Mhindi wa Mombasa aliyehamia Harrow, anakuja kila asubuhi kwa treni na chupa yake ya chai kwapani. Kiswahili chake kilinishinda hata mimi. Na hasira zake zilikuwa za ajabu: akikasirika anashusha sauti. Ukimsikia ananong'ona, ujue yamekufika.

Siku hiyo alinipa boti ya Dada Mwanaidi, nesi, mtu wa Pangani, aliyekuwa akiishi humo na mama yake mzazi, Bi Zainabu. Bibi yule miguu haikuwa na nguvu tena, hata kutoka kitandani kwenda kitini alikuwa wa kubebwa. Kitanda chake walikiweka nyuma kabisa ya boti, karibu na injini, maana huko ndiko kwenye joto, na wewe unaijua baridi ya mtoni. Basi nikawa nafanya kazi huku Bibi ananipigia soga. Aliniuliza mpaka jina la mtaa wetu Tanga, na nani alikuwa anauza mihogo pale kona.

Kazi ilikuwa ile ile uliyofanya wewe. Kaplingi ya zamani, kile kiungo kinachoshika shafti, yaani mhimili unaozungusha propela, na kuifunga kwenye giaboksi, ilikuwa imelika. Mpya ilikuwa inabana shafti kwa bolti nne. Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo pa kuogopa. Boti ikienda mbele, propela inaisukuma shafti kuingia ndani, kwa hiyo hata bolti zikiwa zimelegea utaona mambo yote mazuri. Ukirudisha nyuma, propela inaivuta shafti kutoka nje. Kama haikubanwa itachomoka, na kwenye tundu lake utaingia mto.

Niliingiza bolti zote nne kwa vidole. Nikachukua spana, nikakaza ya kwanza, nikaikaza sawasawa. Hapo nikasikia Bi Zainabu ananiita.

"Mwanangu wa Tanga! Njoo ule, wali unapoa."

Wali wa nazi, mwanangu, na samaki wa kukaanga, katikati ya London, na mimi nina miezi sijaonja chakula cha kwetu. Na adabu yetu unaijua. Mtu mzima akikuita chakulani humwambii ngoja namaliza. Tena mama yangu alinilea kwamba huendi kula ukaacha vyombo vya kazi vimetapakaa nyuma yako. Basi nikafuta spana, nikazipanga sandukuni, nikafunga sanduku. Nikarudisha ubao wa kufunikia injini. Nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Nikala, nikaongezwa, nikala tena, Bibi akanichekesha mpaka nikakaribia kupaliwa na mwiba.

Niliporudi nikatazama. Ubao umefunikwa, sanduku limefungwa, mikono yangu safi. Kila kitu kilikaa kama kazi iliyokwisha, na mimi nikaamini imekwisha. Bwana Jayanti akapita ukingoni, akaniuliza, "Tayari?" Nikamwambia, "Tayari, Bwana." Tukawasha injini boti ikiwa bado imefungwa kamba, tukaijaribu mbele kidogo, ikavuta vizuri. Nyuma sikujaribu. Dada Mwanaidi alikuwa na haraka, alitaka kuhamia upande wa pili wa loki, yale malango ya kupandishia na kushushia boti, ili awe karibu na kazini kwake. Akaniomba nimsindikize.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Mto umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa nguvu kuelekea kule kule tunakokwenda sisi. Dada Mwanaidi alishika usukani, mimi nikasimama kwenye ngazi fupi ya kushukia chumbani, Bibi yuko chini yangu na blanketi lake.

Tukafika daraja la kwanza. Chini ya daraja mlio wa injini unakuwa mkubwa, unakurudia kutoka ukutani. Nikasikia kitu kinagonga, kidogo tu, tik, tik, tik. Nikajiuliza: ile bolti ya pili niliikaza saa ngapi? Nikatafuta kichwani. Nikaiona bolti ya kwanza. Nikaisikia sauti ya Bibi. Nikauona wali. Katikati hapakuwa na kitu.

Nikautazama ule ubao wa injini, mwanangu.

Bi Zainabu akaniangalia. "Mbona umenyamaza?" akauliza. "Muda wote ulikuwa unacheka. Una nini?"

"Sina kitu, Bibi," nikamjibu.

Nilimdanganya mama wa watu asiyeweza kutembea, yuko kitandani na tundu la mto liko karibu na mto wake wa kulalia. Ningesema maneno machache tu: Dada, nina wasiwasi na kazi yangu, punguza moto, iache boti ijisogeze ukingoni tuifunge kamba. Basi. Ingekuwa fedheha ya robo saa. Lakini nilimfikiria Bwana Jayanti na "tayari" yangu. Nilimfikiria Dada Mwanaidi, aliyekwisha kunisifu kwa watu wetu wote wa Stratford kwamba kuna kijana wa Tanga, fundi hasa. Nikaona haya.

Na haya ikanitafutia hesabu ya kijinga. Boti haina breki, unaijua. Ukitaka kusimama, unarudisha nyuma. Nikajiambia, maadamu tunakwenda mbele tuko salama, kwa hiyo tusisimame. Hebu nitazame! Mtu mzima na akili zake anaomba dua boti isisimame, na anajua kabisa mbele kuna loki, na pembeni ya loki kuna mahali mto mzima unaangukia chini kwenye zege.

Daraja la pili likapita. La tatu likapita. Nilikuwa nayahesabu, na kila moja nilijiambia nitasema likifika linalofuata. Baada ya la nne palikuwa na nafasi nzuri ya kuegesha, na Dada Mwanaidi akasema, "Tusimame hapa tunywe chai? Mama atakuwa na kiu." Nikasema kwa haraka, "Hapana, Dada, twende tu, mvua inarudi." Niliogopa atarudisha nyuma. Lile neno linaniuma mpaka leo kuliko mengine yote, kwa sababu pale maji yalikuwa yametulia, na ukingo uko karibu, hata ingechomoka tungetoka wote kwa miguu.

La tano. Ile tik tik ikawa tak tak. Bibi akasema, "Kuna kitu kinagonga huku, wanangu." Mimi kimya. La sita tulipolitoka tukaliona loki, malango yamefungwa, na mkono wa kushoto maji yakiporomoka yananguruma. Dada Mwanaidi akapunguza moto, akavuta kishikio kurudisha nyuma.

Nikapiga ukelele, "Usirudishe!" Nimechelewa. Kulitoka kishindo, chuma kwa chuma. Injini ikapiga kelele haina inachokivuta. Shafti ilikuwa imerudi nyuma, propela imejipigiza kwenye usukani, na usukani umeganda. Nikaurusha ule ubao pembeni nikayaona maji. Hayakuwa ya kuchuruzika. Yalikuwa yanaingia kama bomba la mtaani lililopasuka.

Nililala kifudifudi nikamvua Bibi blanketi lake, nikalisokomeza kwenye lile tundu kwa mikono miwili. Maji ya baridi, mwanangu, mpaka vidole havijui vimeshika nini. Dada Mwanaidi aliacha usukani, akaruka chini, akamkumbatia mama yake na kuanza kumburuta kwenda mbele, chumba baada ya chumba, analia, "Mama, nishike! Nishike shingo!" Na boti inasogea ubavu ubavu kuelekea kwenye ule mngurumo. Mimi sikuuona, niliusikia tu unakua. Nilidhani nimeua watu wawili. Sikufikiria kwamba na mimi nimo.

Lililotuokoa ni ule mnyororo wa maboya uliofungwa kukinga maporomoko. Boti ikaulalia, ikaganda pale, huku nyuma inazama. Watu wawili waliokuwa lokini wakatupa kamba, wakamtoa Bibi kwa mlango wa mbele. Maji yalikuwa yamenifika kifuani. Na huko juu, mwanangu, nikaisikia sauti yake, ile ile iliyoniita chakulani: "Kijana yuko wapi? Mtoeni yule kijana!"

Nilitoka. Tulitoka wote, alhamdulillahi. Lakini nyuma yote ya ile boti ilikwenda chini, na kitanda cha Bibi na dawa zake, na picha za marehemu mumewe alizokuwa amezibandika ukutani.

Bwana Jayanti akaja. Nilikuwa nimekaa chini ukingoni. Nilimwambia yote, kuanzia wali mpaka blanketi. Akachuchumaa mbele yangu, akashusha sauti mpaka nikalazimika kusogeza sikio.

"Ulijua lini?"

"Daraja la kwanza, Bwana."

"Hapa mpaka kule ni madaraja mangapi?"

"Sita."

Kisha akasema, "Kusahau, hata mimi nimesahau. Kusahau naweza kukusamehe sasa hivi. Lakini madaraja sita hukusahau. Madaraja sita ulikuwa unajua."

Hakunifukuza. Heri angenifukuza. Kesho yake alinifundisha kanuni mbili ambazo nimezishika mpaka nilipoacha kazi. Ukiitwa katikati ya kazi, hata akikuita nani, spana ibaki imening'inia kwenye nati ya mwisho, na injini ibaki wazi, ipendeze isipendeze. Na kila bolti ukiikaza, ipake mstari mdogo wa rangi. Isiyo na mstari haijakazwa, hata moyo wako ukuapie.

Bi Zainabu nilimfuata hospitali alikokuwa amelazwa kwa ile baridi. Nilipiga magoti nikalia. Hakunigombeza. Alinishika kichwa, akaniuliza lile lile swali lake: "Lakini mwanangu, nilikuuliza. Mbona ulinyamaza?" Mpaka anafariki, miaka mingi baadaye, katika kitanda kikavu, sikuwahi kumpa jibu.

Sasa nasaha yangu hiyo hapo, nakuwekea wazi. Utakosea, mwanangu. Kazi ya mikono hakuna asiyeikosea. Ila ukiingiwa na shaka, iseme shaka yako pale pale, kwa mdomo, ingali ndogo, mbele ya yeyote aliyepo, na akucheke akitaka. Usijiambie utasema daraja linalofuata. Unayemnyamazia ndiye atakayelowa, na mara nyingi ni yule aliyekuita kula.

Nami nakuuliza wewe, uso kwa uso, si kwenye simu. Jana nilipokuuliza habari za bolti, mbona ulinyamaza?

Usiangalie chini. Niangalie mimi. Ngapi huna hakika nazo?

Umeinua vidole viwili. Haya. Mbili. Njoo nikukumbatie. Hujui ulivyonitua mzigo, na hujui kwamba umefanya leo jambo lililonishinda mimi kwa madaraja sita.

Niletee koti langu, spana ziko mfukoni tangu asubuhi. Tutazikaza pamoja, tutazipaka mstari, tutaijaribu mbele, kisha nyuma, ikiwa imefungwa kamba. Mimi nitatetemeka, wewe usinijali. Mungu akulinde na maji na haya, mwanangu. Akupe mkono wenye nguvu na mdomo mwepesi wa kukiri, na kila utakayempakia kwenye boti yako ashuke kwa miguu yake, mkavu, anacheka. Amina. Vaa viatu, twende.