Tajiri Haingii Kijijini Kimyakimya

Sisi tuliokulia Kigwa enzi za vijiji vya Ujamaa hatukuwa na fedha, lakini tulijua sana kuzitumia. Tulipokuwa shamba la kijiji tukichuma majani ya tumbaku, mikono imenata utomvu mweusi mpaka kila mchembe mkavu wa kiazi tuliotia kinywani ulikuwa na uchungu wa tumbaku, ndipo mchezo wetu ulipoanza: "Mimi nikiwa tajiri..." Kabla jua halijawa kali, kila mtoto alikuwa ameshamaliza milioni zake. Rafiki yangu Shija hakuwahi kubadili mpango.

"Mimi nikiwa tajiri nitalamba sukari kwa kijiko, bila chai!"

"Na chai je?"

"Chai nitawaachia ninyi maskini."

Watoto wa leo ukiwauliza swali hilo watakutajia gari walilomwona nalo mtu wasiyemjua. Sisi hata utajiri tuliuota kwa akili zetu wenyewe.

Ndoto yangu ilitoka kwa bibi, mama yake baba. Kijiji chetu kiko kwenye njia ya zamani ya misafara, na babu zake bibi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani. Alitusimulia huku anamenya karanga. Wapagazi wakirudi, alisema, hawakujipenyeza mmoja mmoja kama kuku walionyeshewa. Walisimama nje ya kijiji, wakaoga, wakajifunga nguo mpya, wakaingia kwa ngoma na nyimbo, na kila mama akapewa nguo yake. "Mwanamume akitoka pwani," bibi alisema, "asikike kwanza, ndipo aonekane."

Bibi akifika hapo, baba aliinuka akaenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Sababu tuliijua. Kabla sijaanza shule, baba alikwenda pwani kukata mkonge. Alirudi na blanketi na kikohozi. Kwa aibu, hakushuka stesheni yetu. Alishukia Goweko, mbali huko, akakata pori kwa miguu, na asubuhi moja majirani walimkuta anafagia uwanja kana kwamba hajawahi kuondoka. Kigwa haikusahau. Kila alipofungua mdomo kwenye pombe, mtu alidakia: "Nyamazeni, tumsikilize bwana aliyerudi kwa njia ya ngiri!" Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mwishowe akaacha kusema kabisa. Hata kwenye mkutano wa kijiji alikaa nyuma, kofia magotini.

Kwa hiyo utajiri wangu ulikuwa na kazi moja tu: kumrudishia baba sauti yake. Siku moja nikatangaza pale shambani kwamba nikiwa tajiri nitaingia Kigwa kama wapagazi, ngoma mbele, na baba yangu humo msafarani. Mzee Mihayo, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa nyuma yangu.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba. Nani anataka utajiri hapa? Tajiri ni nini?"

"Kupe!" tuliitikia sote, majani kwapani.

"Na kijiji cha Ujamaa kinafuga kupe?"

"Hakifugi!"

Akaridhika, akaondoka. Kisha akageuka, akashusha sauti. "Wewe, hiyo ngoma yako... siku hiyo nipewe taarifa mapema. Mimi ndiye kiongozi hapa, siwezi kushtukizwa."

Basi, ndugu zangu wa rika langu, niseme bila kujificha: huo utajiri niliupata. Nilisoma ufundi mitambo mpaka nikatunukiwa stashahada, na Kigwa nzima ilikuwa haijaona nyingine. Nikafungua karakana Morogoro, nikaunda mashine za kusaga ambazo mpaka leo wateja wanazisifu, na nikizisifu mwenyewe si vibaya, nazijua zaidi yao. Sikurithi, sikuiba, wala sikuwa na mjomba wizarani. Miaka ile khanga na sabuni vilitafutwa kwa foleni, mimi nikapanda treni kurudi nyumbani na majora ya vitambaa, khanga, na sabuni ya kutosha ukoo.

Lakini sikushuka Kigwa. Nilishuka Goweko, na baba alikuwa ananingoja pale kama nilivyomwagiza. Tulioga, nikamvalisha suti niliyomshonea, tukakodi lori lililokuwa likisomba tumbaku, tukapakia mizigo na wapiga ngoma wa kukodi. Karibu na nyumba za kwanza za kijiji nikamwambia dereva asimame. Tukashuka, ngoma zikaanza. Watu wakatoka mashambani na majembe mabegani, na baba akarudi nyuma yangu.

"Pita wewe, mwanangu. Hii safari ni yako."

"Baba, yangu inaweza kungoja. Ya kwako ndiyo haijaisha."

 Akakaza tai asiyoizoea, akapita mbele. Vigelegele vikalipuka. Mzee Mihayo, mvi kichwa kizima, akasimama katikati ya njia na kunyoosha fimbo, akauliza kwa sauti ya kiongozi: "Nani huyo tunayemsikia?"

Ngoma zikanyamaza. Baba akavuta pumzi.

"Ni mimi! Natoka pwani!"

Akagawa nguo kwa mikono yake mwenyewe, akianzia kwa bibi. Siku ile kwenye pombe alisimulia habari za mkonge tangu mwanzo: miiba, jua, mnyapara, homa. Hakuna aliyemdakia. Mtungi ulikwisha, na watu wakamwambia aendelee.

Siku hizi vijana wetu hutuma fedha kwa simu, na hawakosei. Mimi pia hutuma. Hufika upesi, bila vumbi la lori, bila posho ya wapiga ngoma. Lakini kila simu yangu inapolia kuniarifu kwamba fedha zimepokelewa, huwaza: kama ningetajirika katika zama hizi, baba yangu angepokea zake ndani, mlango umefungwa, angekula vizuri, angevaa vizuri, na angekufa bila kusema neno.