Points za engineering zilitosha, lakini nilikuwa nimejifungua

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo nikiruka mahali mtanivumilia. Uongo hamtapata hapa. Mume wangu akisoma atajua ni yeye, na ajue.

Mimi ni wa Merigi, nimeolewa upande wa Kapkatet. Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha majani chai. Alikuwa anarudi na harufu ya grisi, anatuchorea kwa vumbi vile roller inasaga majani. Hapo ndipo nilipenda mechanical engineering. Si kwa TV.

Form four niliandika nikiwa na mimba. Watu walinong'ona, nikaandika tu.

Maths na physics zikanibeba. Points zikafika kwa ile university ya teknolojia kila mtu anaitaka. Zilifika kwa kubana, sidanganyi. Ndio maana ilibidi niweke hiyo course namba moja, kwa sababu ukiiweka chini wanakupita wale wameiweka juu.

Portal ya kuchagua courses za university ilifunguliwa Chebet, mtoto wangu, akiwa mchanga kabisa.

Sasa wale si wa huku niwaeleze. Kwetu Kipsigis, kwa familia bado zinashika mila, mama akijifungua anakaa ndani kwa muda. Haendi kwa watu, hapiki, na wanaume hawaingii kwa hiyo nyumba. Hata mume anasimama nje. Mama mkwe wangu ni mtu wa kwaya kanisani, lakini kwa hii maneno hachezi.

Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya kubonyeza, haifungui portal. So Baba Chebet akakuja kwa dirisha. Mimi ndani, mtoto kwa titi, nikamsomea courses moja moja. Nikampa password.

"Rudia. Namba moja ni gani?"

"Si ni hiyo ya mashine. Nimesikia, Bot Chebet." Hivyo ndio tunasema Mama Chebet.

Akaenda cyber Kapkatet. Jioni akarudi hapo dirishani.

"Nimemaliza."

"Uliprint?"

"Stima ilipotea."

Nikaamini. Huyu ni mtu alikuwa anaambia marafiki zake ameoa injinia, wanunue heshima mapema.

Siku zikaisha, nikaoshwa, nikatolewa nje. Wanawake wakaimba, wakakunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nilicheza na wao. Hiyo ndio inaniuma nikikumbuka, vile nilicheza.

Placement ya vyuo ikatoka. Nikatuma SMS, jibu likarudi: diploma ya ualimu wa chekechea. College yenyewe ni ile unaenda asubuhi na jioni uko nyumbani unapika.

Nikasema system imekosea. Nikabeba mtoto mgongoni mpaka cyber. Msichana wa hapo akafungua, akaangalia, akaniangalia.

"Mathe, hiyo engineering haikuwekwa kabisa. Si namba moja, si namba ya mwisho."

Nilitembea kurudi nyumbani sioni barabara.

Nilimpata kwa boma ya ng'ombe. Hakugeuka.

"Nilibadilisha kidogo," akasema.

"Kidogo?"

"Mama aliuliza mtoto atanyonya nini ukiwa huko mbali. Na wewe ulikuwa ndani. Ningekuuliza aje?"

"Ulikuwa unasimama kwa hiyo dirisha kila siku ukiniuliza kama nimekula."

Mama mkwe ndiye alijibu, kutoka jikoni:

"Kwani kufundisha watoto ni dhambi? Si uko na mmoja tayari wa kuanzia."

Wifi yangu akacheka. Mimi niliingia ndani nikanyonyesha, juu mtoto alikuwa analia na yeye hana makosa.

Wakuu, cut-off ya mwaka huu, zile points za mwisho walichukua, nimeiangalia. Ilikuwa chini ya points zangu. Ningeingia. Kuna msichana wa darasa letu nilikuwa namfundisha physics kwa prep, saa hii ako huko na overall ya blue, anatuma picha za workshop.

Nilipigia university. Mama wa admission alikuwa mpole, hiyo ndio iliniliza. Akasema course imejaa, nikatae hii diploma, nijaribu intake ingine, lakini haniahidi kitu juu cut-off inaweza kupanda.

Chekechea nimekataa. Hapa nyumbani tunaongea mambo ya maziwa na kuni tu.

Kitu nimejifunza: password yako ni yako. Mume, mama, pastor, hakuna. Kama uko ndani, toka uende na watu waseme.

Na wale watasema natukana mila, someni tena. Nilikaa ndani na roho safi. Mila ilisema mwanaume asiingie kwa nyumba. Haikusema aingie kwa portal yangu.

Kwa hivyo wenye mmewahi kukataa placement mkaomba tena na grade ile ile, niambieni ukweli. Mlipata? Cut-off ya mechanical inapandanga sana ama kidogo?

Msiniambie nivumilie. Hiyo nimeambiwa na kila mtu hapa Kapkatet, hata wale walikunywa mursik yangu. Mimi nauliza cut-off.